Jinsi ya kumweleza mzazi namna bangi, mirungi na vilevi vingine vinavyovuruga dopamini ya mwanawe

Mzazi anayemleta kijana aliyechanganyikiwa huja na swali moja: ni bangi au amerogwa? Ukimjibu "ni bangi" ukaishia hapo, umemwachia lawama tupu. Atarudi Mpwapwa au Bahi na hasira juu ya mwanawe, vidonge ataviona adhabu, na sauti zikinyamaza kidogo tu ataviacha. Ukimwonyesha kilichotokea ndani ya ubongo, anapata kitu cha kushika. Nimefanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili hapa Dodoma tangu kabla serikali haijahamia, na ninaamini kwa dhati kwamba mzazi yeyote, hata asiyejua kusoma, anaweza kuielewa dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Ila ni lazima anayemweleza awe ameielewa yeye kwanza.

Nawaandikia wauguzi wapya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa sekondari, na shangazi au mjomba ambaye ukoo mzima humtegemea mambo yakiharibika.

Kwanza ujue ametumia nini

Usiulize mbele ya ukoo wote. Baba akiwepo, kijana atakana, na mama atakana kwa niaba yake. Mtoe nje mdogo wake au rafiki wa kijiweni, msimame chini ya mti, uulize kwa maneno yao: anavuta jani? Anatafuna gomba? Kuna vidonge? Kuna sindano? Lini mara ya mwisho? Alianza akiwa darasa la ngapi? Mwambie wazi kwamba humuulizi ili umpeleke polisi. Bangi na mirungi vyote ni haramu kwa Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, watu wanalijua hilo, na hofu hiyo ndiyo inayowaziba midomo.

Uliza pia gongo, na ameacha lini. Mlevi wa miaka mingi aliyekatiza pombe ghafla anaweza, baada ya siku mbili tatu, kuona wadudu ukutani, kutetemeka na kupatwa na degedege. Huyo ni wa kuwahishwa hospitali, usikae naye kumsomesha.

Na uliza habari za mnanaha, ule mmea wenye sumu. Kuna vijana wanaotafuna mbegu zake wakitafuta stimu. Mnanaha hauanzii kwenye dopamini kabisa: sumu zilizomo, atropini na skopolamini, huziba vipokezi (milango ya seli ya kupokelea ujumbe) vya asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo. Utamtambua kwa mboni zilizotanuka, ngozi kavu yenye joto, mapigo ya moyo ya kasi, na kutojua yuko wapi wala ni asubuhi au jioni. Wa bangi au mirungi kwa kawaida anajua yuko Majengo sokoni na leo ni Jumatano, ila anaamini wauza nyanya wote wanamsema yeye. Tofauti hiyo ishike vizuri. Aliyekula mnanaha apelekwe hospitali mara moja, na mtajie daktari huo mmea, kwa sababu baadhi ya dawa za kutuliza, klopromazini ikiwemo, zina tabia ileile ya kuziba asetilikolini na zinaweza kumzidishia hali.

Kisha chora

Karatasi yoyote inafaa, hata mgongo wa risiti. Chora seli mbili za ubongo zinazokaribiana lakini hazigusani. Ya kushoto inatuma, ya kulia inapokea. Ndani ya ile ya kushoto weka vifuko vyenye nukta ndogo. Hizo nukta ndizo dopamini. Kwenye ukuta wa seli ya kulia chora vipokezi. Kwenye ukuta wa seli ya kushoto chora mdomo mmoja: hiyo ni protini inayoivuta dopamini iliyokwisha kazi na kuirudisha ndani. Inatosha. Usichore zaidi ya hapo, maana ukiongeza utampoteza.

Kwa faida yako wewe, vipokezi vya dopamini ni vya aina tano, D1 hadi D5. Linalotuhusu hapa ni kundi la D2. Na dopamini yenyewe haikujulikana kuwa na kazi yake katika ubongo hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Arvid Carlsson wa Sweden na wenzake walipoonyesha kwamba si malighafi tu ya kutengenezea kemikali nyingine. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Sasa mweleze mzazi kazi yake. Watu wamezoea kuambiwa dopamini ni kemikali ya raha, na ukimwambia hivyo atashangaa: mbona mwanangu anaogopa, hana raha yoyote? Mwambie kazi yake kubwa ni kuweka alama: hili ni muhimu, liangalie. Mtu mzima wa akili anapita barabara ya Iringa, pikipiki hamsini zinampita na hakumbuki hata moja. Dopamini ikimiminika pasipo sababu, kila pikipiki inapata alama. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia kila aliyemwashia taa alikuwa anampa ujumbe, na kazi ya kuzisoma hizo jumbe ilimkosesha usingizi. Akili haikubali alama isiyo na maelezo, kwa hiyo hutunga maelezo: wananifuatilia, wameniwekea kitu kwenye chakula, redio inanitaja. Wazazi wengi wakifika hapa hunyamaza kidogo, kisha wanaanza kusimulia wenyewe visa vya nyumbani. Waache wasimulie. Dakika hizo ni sehemu ya tiba.

Eleza kilevi kilichomhusu, usieleze vyote

Kama ni mirungi, au vidonge vya kuchangamsha vya jamii ya amfetamini, rudi kwenye mchoro. Kiini cha mirungi ni kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini. Majani yakikauka kathinoni hupungua nguvu haraka. Ndiyo maana mirungi husafirishwa mibichi, imefungwa kwenye majani ya mgomba, na magari yake hukimbia usiku. Kathinoni na amfetamini huingia seli ya kushoto kwa mdomo uleule wa kurudishia dopamini, kisha huufanya mdomo huo utende kinyume: badala ya kuvuta ndani, unamwaga nje. Amfetamini huzidi hapo, kwa kuvitikisa hata vile vifuko vya ndani viachie akiba yake. Mirungi michache ya kutafuna haifikii nguvu ya methamfetamini, na wengi huitafuna miaka bila kuchanganyikiwa. Anayekesha nayo siku mfululizo bila kula wala kulala ndiye tunayempokea. Mwaka 1958 daktari Philip Connell wa London alieleza wagonjwa 42 walioharibikiwa na amfetamini, na dalili zao zilifanana mno na za skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa muda mrefu wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo. Tangu hapo madaktari wakaanza kujiuliza kama magonjwa haya mawili yanapitia njia moja.

Kokeini ni fupi kuieleza: inauziba ule mdomo, dopamini inabaki nje ikizunguka.

Bangi inahitaji subira, kwa sababu haigusi dopamini moja kwa moja, na kila mzazi anamjua mtu aliyevuta miaka thelathini akalima shamba lake na kusomesha watoto. Usibishane naye, anasema kweli. Mwambie kiini cha bangi, THC, hukamata vipokezi vyake vyenyewe, viitwavyo CB1, ambavyo kazi yao ni kuzipunguzia kasi seli nyingine. Vikivurugwa, breki zinazozuia seli za dopamini hulegea. Wengi hawapati madhara hayo. Lakini utafiti wa vijana wa jeshi nchini Sweden, uliotolewa mwaka 1987, ulionyesha kwamba waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walipofika umri wa kuandikishwa walipata skizofrenia baadaye kwa kiwango cha mara sita ya wasiovuta. Umri wa kuanza una uzito, wingi una uzito, nguvu ya bangi yenyewe ina uzito, na damu ya ukoo ina uzito. Ndiyo maana uliuliza alianza darasa la ngapi. Ukoo ukiwa na mjomba aliyewahi kulazwa Mirembe, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, wadogo zake kijana huyu waambiwe wazi kwamba bangi kwao ni hatari kuliko kwa wenzao.

Ketamini huulizwa na watu wengine kabisa: ndugu wa majeruhi wa ajali au wa mama aliyefanyiwa upasuaji, aliyezinduka akisema alitoka mwilini mwake. Hiyo ni dawa halali ya usingizi na hali hiyo kwa kawaida hupita kwa saa chache. Watoe hofu. Kwetu wauguzi inafundisha jambo kubwa: ketamini haianzii kwenye dopamini. Inaziba vipokezi vya kemikali nyingine, glutamati, viitwavyo NMDA, na hapo mfumo mzima wa ubongo unayumba mpaka unafika kwenye dopamini kwa njia ya mzunguko. Isitoshe, huleta hata ule ubaridi na kujitenga ambao amfetamini hailetagi.

LSD, kilevi cha kuonesha maruweruwe, hapa kwetu sijakutana nacho sana. Nguvu yake hasa iko kwenye vipokezi vya serotonini, kemikali nyingine tena ya ubongo, ingawa nayo hugusa D2.

Sehemu yenyewe: hodi

Umeona basi njia ni nyingi: mdomo wa kurudishia, CB1, NMDA, serotonini. Lakini mwisho wa safari wagonjwa hawa tunawapa dawa za aina moja, na zinawasaidia. Hapa ndipo mzazi anapopaswa kuelewa, nami hutumia hodi.

Dopamini ikifika kwenye kipokezi, inapiga hodi. Vipokezi vya D2 huwa katika hali mbili. Kilicho katika hali ya mvuto mkali ni mtu aliyekaa sebuleni karibu na mlango: hodi ya chini kabisa, ameshaitika. Kilicho katika hali ya mvuto hafifu yuko uani anachambua mboga. Mgeni apige hodi tena na tena kwa sauti ndipo asikike. Kipokezi kilekile kinaweza kutoka hali moja kwenda nyingine. Katika ubongo uliotulia, wengine wako sebuleni, wengine uani. Ubongo uliochokozwa mara kwa mara na vilevi hivi, watu huhamia sebuleni. Hodi ndogo ambayo zamani ingepita bila kusikika, sasa nyumba nzima inaitika.

Fikra hii ilisukumwa zaidi na Philip Seeman wa Toronto, Kanada. Mwaka 1975 yeye na wenzake walikitambua kipokezi ambacho haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, hukamata, kile tukiitacho leo D2. Ikaonekana pia kwamba dawa inayokamata kipokezi hicho kwa nguvu zaidi huhitaji dozi ndogo zaidi. Ndiyo sababu kwenye kadi unaandikiwa haloperidoli miligramu chache na klopromazini mamia. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2005, timu yake ilionyesha kwamba panya waliozoeshwa amfetamini, na waliozoeshwa fensiklidini iliyo ndugu wa ketamini, wote walikuwa na D2 nyingi zaidi katika hali ya mvuto mkali, ingawa idadi ya jumla ya D2 haikupanda kwa kiasi kama hicho. Vilevi tofauti, badiliko moja.

Wewe muuguzi ujue pia kwamba hao walikuwa panya. Picha za PET, zinazoonyesha kemikali za ubongo zikifanya kazi, zilizopigwa kwa watu wenye skizofrenia, Toronto hukohuko, hazikuonyesha ongezeko hilo waziwazi. Kilichoonekana kwa watu, tena mara nyingi, ni seli za kutuma kutengeneza na kumwaga dopamini kupita kiasi. Na waliotumia methamfetamini muda mrefu, picha zao huonyesha D2 zilizopungua. Kwa hiyo usimwambie mzazi "vipokezi vimezidi". Mwambie usikivu wa nyumba umevurugika. Hilo linaendana na tunachokiona kila mara kliniki: aliyewahi kuchanganyikiwa kwa vichangamshi kama mirungi au amfetamini, akirudia hata kidogo, kidogo kuliko kile cha kwanza, dalili hurudi kwa haraka. Wakati mwingine msiba au kukesha kunatosha.

Mwambie mzazi sentensi hii ikiwa peke yake, na umtazame usoni: "Mama, akirudia kidogo tu, haitakuwa kidogo." Kijana naye aisikie, akishatulia.

Dawa inafanya nini

Haloperidoli, klopromazini, risperidoni na ile sindano ya mwezi, zote huenda kukaa mlangoni pa D2. Haziitiki, na hazimruhusu mgeni afike. Uzuri wake ni kwamba hata kama ugomvi ulianzia kwenye CB1, mlango wa mwisho umelindwa. Ubaya ni kwamba milango ya D2 haipo sehemu moja tu ya ubongo. Iko kwenye njia inayoendesha misuli, na iko kwenye njia inayozuia homoni ya maziwa, prolaktini.

Hapa tumia muda wako wote uliobaki, kwa sababu ndipo familia nyingi hukimbia. Siku za mwanzo za haloperidoli, hasa kwa kijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande mmoja, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka. Ikitokea usiku kijijini Kongwa na hakuna aliyewaonya, kila mtu atasema pepo sasa ndiyo amejionyesha, na alfajiri watakuwa kwa mganga, kijana amefungwa kamba. Kwa hiyo waonye mapema, kwa kuonyesha kwa shingo yako mwenyewe. Sema: "Ikitokea hivi, ni dawa imekaa kwenye milango ya misuli. Mleteni kituo cha afya, atapewa dawa ya aina ya Artane na italegea. Akishindwa kumeza au kupumua, msingoje asubuhi." Nimeona familia iliyoonywa ikifika imetulia kabisa, baba akinieleza yeye mambo ya milango.

Watafiti wa Toronto walipima hili kwa haloperidoli: nafuu huanza kuonekana dawa ikikamata takribani asilimia 65 ya D2, na kukakamaa kwa misuli huongezeka ikipita asilimia 78. Nafasi katikati ni finyu. Mzazi anayemwongezea kidonge "ili apone upesi" anaivuka. Mwambie hivyo, na umkumbushe kwamba Artane nayo isiachwe mikononi mwa kijana bila mtu mzima, kwa kuwa kuna wanaoitumia kulewa.

Binti akikosa siku zake au akitokwa maziwa bila ujauzito, ni prolaktini. Arudi kliniki, asifichwe ndani kwa aibu. Na homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama gogo na kupoteza fahamu ni dharura kubwa: dawa isimamishwe na apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu kurogwa

Usibishane. Nikikaa na mzee wa Kigogo aliyenisalimu "mbukwenyi" kwa heshima, siwezi kumwambia mambo ya wazee wake ni upuuzi. Namwambia: "Baba, sala na mizimu ni ya kwenu, sikuingilii. Naomba mambo matatu: asifungwe, asinyimwe chakula, na vidonge visikatishwe." Wengi hukubali. Mganga anayempa mitishamba ya kunywa huyo ndiye wa kumuuliza kwa makini, kwa kuwa hujui ndani yake mna nini, na mnanaha umo kwenye dawa nyingi za kienyeji.

"Atapona?"

Jibu bila kupaka rangi. Saikosisi, yaani huku kuchanganyikiwa, ikiwa ni ya vichangamshi mara nyingi hutulia ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha. Ikizidi mwezi mmoja tangu aache kabisa, daktari lazima aangalie upya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba takribani mtu 1 kati ya 4 waliopata saikosisi kwa vilevi huja kugundulika na skizofrenia. Kwa bangi ni takribani 1 kati ya 3. Yaani walio wengi hawafiki huko. Mzazi apewe pande zote mbili za hesabu hiyo, kwa sababu anayesikia ya kutisha tu hukata tamaa, na anayesikia ya kufariji tu hapeleki kliniki.

Atakuuliza pia lini ataacha vidonge. Mweleze kwamba ubongo uliokaa na dawa miezi mingi hujaribu kusikia hodi kwa kuzidisha usikivu wake, hivyo dawa ikiondolewa ghafla watu wote wako sebuleni na hakuna aliyekaa mlangoni. Dozi ipunguzwe kidogo kidogo, na daktari ndiye wa kupanga. Nauli ya kurudi Dodoma ikiwa shida, kama ilivyo kwa wengi wanaotoka Kondoa au Manyoni, waulize zahanati au hospitali gani iko karibu nao, waandikie jina la dawa, dozi na tarehe ya sindano inayofuata, kisha piga simu huko ukiwa nao palepale uhakikishe dawa hiyo ipo.